Glasi Ishirini na Tatu za Imae Rokuro

Baba mkwe wangu, Mabuchi Teizo, hajawahi kumtapeli mtu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa hapa Urabe, kijiji chetu kando ya Ziwa Biwa, walimwita majina mengi, na mimi niliyeishi naye nyumba moja tangu nilipoolewa nina haki ya kusema ninachokijua. Alikuwa bwana shamba wa chama cha ushirika. Alifunga kifungo cha juu cha shati hata kwenye joto la Agosti, na akikuambia atafika saa mbili, saa mbili kasoro tano utamkuta amesimama nje ya uzio wako akiogopa kukusumbua.

Mwaka ule wa sabini na saba, Ziwa Biwa lilipogeuka rangi ya kutu na kunuka kama samaki aliyesahauliwa kabatini, yeye alikuwa na miaka ishirini na sita, ndiyo kwanza ameoa. Mkewe, Sumie, alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba sabuni zao za unga hadi ukumbi wa kijiji, wakazirundika pale na kuapa kwamba hawatafulia tena kitu kinachokwenda kulitapisha ziwa. Jioni Sumie alirudi nyumbani amechoka, akamwekea mumewe chai, akamuuliza, "Sisi tumeacha sabuni. Nyinyi watu wa mbolea mnaacha nini?"

 Swali hilo Teizo alitembea nalo zaidi ya miaka kumi.

Ndiyo maana mbolea mpya ilipokuja aliipokea kama mtu aliyeletewa dawa ya mgonjwa wake. Kila punje ilikuwa imevikwa ngozi nyembamba ya plastiki. Mbolea ilijivujia humo ndani polepole, mpunga ukala kidogo kidogo hadi unapochanua. Mkulima alitia mara moja tu mwezi wa tano, basi. Hakurudi tena jarubani na gunia mgongoni kwenye jua la Julai. Na kwa kuwa mbolea haikumwagika yote kwa mkupuo, haikukimbilia ziwani. Mwaka wa tisini na moja yaliletwa magunia sita ya majaribio, punje zake zimetiwa rangi ya kijani kama ya jani bichi la chai. Teizo aliyatia kwenye jaruba lake mwenyewe na la jirani yake, Torii Kanshiro. Mpunga ukatoka vizuri ajabu. Baada ya hapo aliingia nyumba kwa nyumba. Wazee waliopinda mgongo walimshika mikono yote miwili kumshukuru. Miaka mitano haikuisha kabla Urabe nzima haijaitumia, na vijiji vya jirani vikafuata.

Rafiki yake Imae Rokuro alikuwa mvuvi. Walikaa dawati moja shule ya msingi, wakaibiana penseli, wakapigana, wakapatana. Rokuro alikuwa na sauti nene na ulimi usiolala. Alitega mitego ya nguzo karibu na ufuo, na wakati wa masika alivua samaki wadogo waitwao ayu kwa wavu wa macho madogo. Mwezi wa tano mwaka wa tisini na nne aliingia ofisi ya ushirika na viatu vyake vya mpira, akalowesha sakafu yote, akaweka mezani glasi ya pombe ya mchele, ile midogo yenye mfuniko. Ndani hamkuwa na pombe.

"Bwana shamba, hebu niambie. Haya ni mayai ya mdudu gani?"

Teizo akainua glasi, akaitazama. "Siyo mayai. Ni maganda ya mbolea."

"Mbolea gani?"

"Ile mpya. Mbolea imeshatoka, limebaki ganda. Wakulima wakivuruga majaruba na kufungulia maji ya matope, yanaelea."

"Yanaelea mpaka kwenye wavu wangu. Na halafu?"

"Halafu yanaisha. Mwanga wa jua unayala, yanaoza yenyewe."

"Lini?"

"Baada ya muda."

"Muda gani?"

"Rokuro, mimi siyo kiwanda. Karatasi imeandika baada ya muda."

Rokuro alicheka hadi wasichana wa mapokezi wakageuka. "Haya bwana. Nitaungoja huo muda wako."

Tangu hapo ikawa mchezo wao. Kila mwezi wa tano, maji ya mifereji yalipogeuka kahawia na ukanda wa matope ukatanda pembezoni mwa ziwa, Rokuro alimtafuta Teizo popote alipo: ofisini, kwa kinyozi, mara moja hata kwenye harusi ya jirani yao mmoja. "Bwana shamba, muda umefika?" Watu walicheka. Teizo naye alicheka, akisema, "Ngoja kidogo, mvuvi, una haraka ya nini?" Mimi mwenyewe niliyasikia haya nikiwa bi harusi mgeni, nikadhani ni utani wa wazee tu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mwaka wa nane au wa tisa wa mchezo huo Teizo aliacha kuona utani. Aliandika barua kiwandani kuuliza. Alijibiwa kwa heshima kwamba utafiti unaendelea. Akaikunja, akaitia mtotoni mwa meza. Mwezi wa tano uliofuata alipomwona Rokuro kwa mbali, alikata kona.

Rokuro alikufa kwa kichomi mwezi wa kwanza, mwaka wa elfu mbili na kumi na saba, theluji ikiwa imefika magotini. Sumie alikuwa ameshatangulia miaka minne kabla. Kwenye msiba Teizo alikaa mstari wa mbele, na zamu yake ilipofika alishika vijiti akasaidia kuokota mifupa ya rafiki yake, iliyobaki baada ya mwili kuchomwa, na kuitia chunguni.  Siku moja miaka miwili baadaye, nikimwendesha kwenda hospitali, aliniambia ghafla huku anatazama nje ya dirisha, "Unajua nilichokuwa nawaza pale? Nilikuwa nawaza kwamba mwezi wa tano sasa hakuna wa kuniuliza. Nilifurahi, mwanangu. Nimeshika mfupa wa mtu mkononi, nafurahi."

Mwezi wa tano wa mwaka ule aliokufa Rokuro nilimpelekea Teizo chakula jarubani. Alikuwa amestaafu, akilima sehemu yetu ndogo tu. Nilimkuta amesimama pale mfereji wetu unapomwagika kwenye ule mkubwa wa kwenda ziwani, jembe begani. Maji yalikuwa mazito kama supu ya maharage. Nilikuwa bado hatua kumi hivi nyuma yake alipogeuka kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa jina. Hakunitazama mimi. Alitazama pembeni yangu, usawa wa bega langu.

"Umemsikia?"

"Nani, Baba?"

Akashusha jembe. Uso wake ulikuwa umepauka. "Hamna. Upepo."

Hakukuwa na upepo. Mianzi ya kwa Torii ilikuwa imesimama tuli.

Kuanzia siku hiyo alianza kuondoka jikoni kila nilipoosha mchele. Mwanzo sikuelewa. Nilikuwa nikitia mchele kwenye bakuli, nikizungusha mkono, naye akiwa anasoma gazeti aliinuka akaenda uani bila kuvaa ndala. Mara ya tano au ya sita nilimfuata nikamuuliza kama nimemkosea.

"Hujanikosea. Ni ile sauti tu."

"Sauti ya mchele?"

"Ndivyo maganda yanavyolia ndani ya glasi ukiyatikisa."

Nikawa naosha mchele akiwa bafuni. Mume wangu alisema baba anazeeka, tumpeleke kwa daktari. Alipelekwa, akapewa vidonge vya usingizi, akavimeza kwa utiifu, na bado akawa anageuka ghafla barabarani.

Miaka miwili ikapita hivyo. Aprili ya mwaka wa kumi na tisa akapiga simu Fusae, mjane wa Rokuro. Alitaka kubomoa banda la nyavu. Alisema, "Mwambie baba mkwe wako aje. Na wewe njoo, kuna vya kubeba."

Tulikwenda na kigari cha shamba. Banda lilikuwa linanuka lami na samaki. Fusae, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, alitusogezea pazia la magunia kwenye ukuta wa nyuma. Palikuwa na rafu tatu za mbao, na juu yake zimepangwa glasi za pombe ya mchele, safi, kila moja na mfuniko wake, kila moja imejaa maganda. Zilikuwa ishirini na tatu. Kila glasi ilibandikwa kipande cha karatasi kwa mwandiko mzito wa Rokuro: mwaka, siku alizokwenda, mtego namba ngapi, wavu gani. Na chini ya hayo yote, neno moja. Teizo alisogea, akavaa miwani.

Tisini na nne. Bado.

Tisini na tano. Bado.

Tisini na sita. Bado.

Alizipitia zote, akiinama kwa zile za rafu ya chini, mpaka ya elfu mbili na kumi na sita, ambayo mwandiko wake ulikuwa umelegea. Bado.

"Hii usiishike kwa nguvu, shemeji," Fusae akasema, akichukua nyingine iliyokaa peke yake dirishani. "Hii alikuwa akiianika. Anaitoa asubuhi, anaiingiza jioni, kama mtu anayefuga ndege. Alisema, Teizo kasema jua linayala, ngoja tulipe jua nafasi."

Ndani ya glasi hiyo hamkuwa na maganda. Mlikuwa na unga mweupe, mwepesi. Fusae alipoiinamisha, unga ulipanda ukutani mwa glasi ukaganda hapo.

"Kwa nini hukuniita mapema?" Teizo aliuliza. 

"Alinikataza. Alikuwa kitandani pale, nikamuuliza, nimwite Teizo umwonyeshe? Akasema, usimwite, atakuja mwenyewe." Fusae akapangusa mikono kwenye aproni. "Hukuja."

Teizo alivua miwani. Tulizifunga glasi kwenye magazeti, moja moja, tukazipanga kwenye makasha ya matufaha. Njia nzima aliyapakata makasha mawili mapajani, na kila gari lilipoingia shimoni niliyasikia yakilia kama mchele, naye akifumba macho.

Nyumbani aliziweka chumba cha madhabahu ya marehemu wetu, chini ya picha ya Sumie. Hapo ndipo hali yake ilipozidi. Aliacha samaki wa ziwa kabisa, yeye aliyekuwa hawezi kumaliza mwaka bila funa waliovundikwa kwenye wali. Asubuhi nilimkuta amekaa mbele ya glasi amepiga magoti, mgongo umenyooka, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Siku moja nilimsikia akisema, "Ndiyo. Ndiyo. Najua." Nilichungulia. Alikuwa peke yake.

Mwezi wa tano ukafika. Akaenda kwenye mdomo wa mfereji, nami nikamfuata kwa mbali maana nilimhofia maji. Pale tulimkuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa suruali ya mpira hadi kifuani, amesimama katikati ya matope na wavu mrefu uliofumwa kwa nyuzi nyembamba kama kitambaa. Alikuwa Dakta Hirokawa Chinami, mtafiti wa maji kutoka mjini Otsu. Kazi yake ilikuwa kupima plastiki iliyomo ziwani: inatoka wapi, inakwenda wapi, inakaa muda gani. Aliinamisha kichwa kwa adabu alipomwona mzee, akamwonyesha kiganja chake kilichojaa vitu vyeupe.

"Samahani, Mzee. Nilikuwa natafuta chupa na mifuko, lakini haya ndiyo mengi kuliko yote. Unayajua?"

"Nayajua," Teizo akasema. "Mimi ndiye niliyeyaleta."

Dakta akatabasamu, akidhani ni mzaha wa wazee. Kisha akamtazama vizuri usoni, tabasamu likamtoka.

Alikuja nyumbani siku hiyo hiyo na soksi zake zimelowa. Alipoziona glasi alipiga magoti mbele yake. Alichukua ya tisini na nne, akasoma karatasi, akairudisha. Akachukua ya tisini na tano. Alipomaliza safu ya kwanza niliona anajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Rekodi ndefu kuliko zote tulizo nazo ni ya miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu! Na huyu mzee aliandika mpaka namba ya mtego. Nani alimfundisha?"

"Hakuna. Alikuwa na ubishi tu."

"Na hii?" Aliuliza kuhusu ile ya unga.

Teizo akamweleza habari ya jua. Dakta alichukua chembe ya unga akaondoka nayo, na wiki tatu baadaye akatupigia. Nilimpa Teizo simu nikaweka sauti ya wote kusikia. "Hayakuisha, Mzee," alisema. "Yamevunjika tu. Ganda moja limekuwa vipande maelfu, vidogo hata samaki mdogo kabisa anaweza kuvimeza. Samahani. Nilitaka uyasikie kwangu."

Teizo alimshukuru, akakata simu, akaenda uani.

Kazi ilihitaji kitu kingine ambacho Dakta hakuwa nacho. Maganda yalitofautiana unene na rangi mwaka hadi mwaka, naye hakujua aina ipi ilitumika lini na kwenye majaruba yapi. Yote hayo Teizo alikuwa nayo kichwani, na kwenye madaftari yake ya kazi. Kiangazi kizima walikaa meza moja, glasi za Rokuro katikati, yeye akitaja na Dakta akiandika. Nilipopita na chai nilisikia majina ya watu wa kijiji chetu yakitajwa taratibu, mashamba yao, miaka yao, na kila baada ya jina Teizo aliongeza, "Nilimshawishi mimi."

Septemba Dakta alimwomba apande naye boti ya utafiti. Walikwenda upande wa kaskazini, kwenye kina kirefu, na mimi nikaenda kumshikilia. Milima ya Hira ilikuwa wazi ng'ambo. Mabaharia waliteremsha bomba refu kwa waya, mita tisini kwenda chini, wakalipandisha na nguzo ya matope ndani yake, baridi kiasi kwamba nje ya bomba palitoka jasho. Dakta aliisukuma nguzo nje kidogo kidogo, akiikata vipande kwa bati jembamba kama mtu anayekata jibini. Alieleza kwamba kila sentimita ni matope ya miaka kadhaa; ya juu ni ya jana, ya chini ni ya wazee wetu. Kila kipande alikichuja kwa maji kwenye chekecheke.

Kwenye sentimita ya nne kulibaki kitu kimoja tu kwenye chekecheke. Ganda. Zima, halina hata ufa, utadhani limetoka guniani leo. Lilikuwa la kijani kama jani bichi la chai.

Teizo alilichukua kwa ncha ya kidole.

"Hili ni langu."

"Mzee, hatuwezi kusema kwa hakika limetoka jaruba gani..."

"Wewe huwezi. Mimi naweza. Magunia sita. Sikutoa ya rangi hii kwa mtu mwingine ila Torii." Akalisogeza karibu na jicho. "Huko chini kuna mwanga?"

"Hakuna," Dakta akasema polepole. "Mita tisini ni giza tupu. Na baridi ile ile mwaka mzima."

"Kwa hiyo litakaa."

 Baba alikaa chini kwenye sitaha, na mimi nikamshika mabega.  Akaninong'oneza, "Anacheka. Humsikii? Anacheka kabisa." Nilisikiliza, maana kwa wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuogopa kwamba na mimi nitasikia. Nilisikia injini ya boti, na maji yakipiga ubavu wake.

Novemba, mavuno yalipokwisha, aliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Alipanga glasi zote ishirini na tatu juu ya meza ndefu, akavua kofia, akawaeleza ni nini. Akasema alichokijua na tangu lini, akataja hata ile barua aliyoificha. Kisha akasoma karatasi za Rokuro, moja baada ya moja. Mwaka, bado. Mwaka, bado. Kufika ya kumi watu walikuwa wanatazama mapaja yao.

Torii Kanshiro akasimama. Walikuwa majirani maisha yao yote. "Bwana shamba! Ulitufundisha kutia, leo umekuja kutufundisha kujuta?"

"Nimekuja kusema nilikosea, Kanshiro."

"Umekosea wewe, tutaandikwa sisi! Kesho mchele wa Urabe utaitwa mchele wa plastiki. Na majina umeshampa yule binti wa mjini, usidhani hatujui. Miaka thelathini ukipita hapa na karatasi zako za rangi. Tukikuuliza, yanaoza. Tukikuuliza, yanaoza! Sasa Rokuro kafa ndiyo umepata mdomo?"

Teizo aliinama hadi paji la uso likakaribia meza. Hakuinuka mpaka ukumbi ulipobaki mtupu.

Majira yale ya baridi yalikuwa marefu. Mtu alitundika gunia tupu la mbolea kwenye lango letu. Nililishusha, wiki iliyofuata likatundikwa jingine. Dukani nilisalimiwa kwa kichwa tu. Bibi Nomoto, mjane anayelima peke yake, ndiye aliyekuja uso kwa uso. Alisimama mlangoni na fimbo yake akasema, "Mimi sina hasira na wewe. Nataka kujua kitu kimoja. Nikirudi kwenye mbolea ya zamani, Julai nani atanibebea gunia? Wewe?"

"Mimi," akasema Teizo.

Bibi Nomoto alimpima kwa macho kutoka juu hadi chini, mzee wa karibu miaka sabini na mashavu yaliyobonyea. "Haya," akasema. "Tutaonana Julai."

Na Julai alikwenda. Jua la kupasua kichwa, nzi wa matopeni, mvuke ukipanda kwenye mpunga, yeye na pipa la mbolea kifuani akitembea mstari kwa mstari. Alimlimia Bibi Nomoto, mwaka wa pili akaongeza wajane wengine wawili. Tulimsihi aache. Mume wangu alimgombeza hadharani. Alisema akiwa humo jarubani hasikii kitu, ni mahali pekee palipo kimya.

Kanshiro hakusema naye. Lakini mwezi wa tano uliofuata niliona amevuruga jaruba lake kwa maji kidogo sana, na hakufungulia mfereji siku tatu nzima, mpaka matope yalipotulia na maganda yakasukumwa na upepo pembeni. Kisha akayazoa kwa chekecheke, na pale maji yanapotokea alifunga wavu wa zamani wa kuvulia ayu. Nilitambua viraka vya Fusae kwenye wavu ule. Baada yake walifanya hivyo wengine wanane, kisha kumi na tano. Siyo wote. Wapo wanaofungulia maji hadi leo, na siwezi kuwalaumu kwa macho makavu huku mimi mwenyewe sijawahi kubeba pipa lile.

Ripoti ya Dakta ilitoka. Jina la Imae Rokuro limo kwenye ukurasa wa kwanza, miongoni mwa walioifanya kazi, siyo kwenye shukrani. Teizo ndiye aliyeshikilia hivyo. Lake yeye alitaka liandikwe mahali pamoja tu, kwenye sentensi inayosema mbolea hiyo ililetwa eneo hili na nani. Dakta alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaandika.

Agosti, siku za kuwapokea wafu wetu, tuliipeleka ripoti kaburini kwa Rokuro. Fusae alimwaga maji juu ya jiwe, nyenje wakipiga kelele juu ya miti. Teizo akaweka kitabu, akapiga magoti kwenye changarawe, akaanza kusema maneno aliyoyaandaa.

"Usimwombe msamaha, shemeji," Fusae akamkatiza. "Atakudharau. Kaa naye tu hapo."

Akakaa. Tulimwacha karibu saa nzima. Aliporudi kwenye gari nilimuuliza kama kumetulia sasa. Alifikiri sana kabla ya kujibu, kama mtu anayetafuta sauti ndani ya nyumba.

"Hapana," alisema. "Ila sasa siyo yeye peke yake. Sumie pia anauliza."

Mwaka huu ana miaka sabini na tano na magoti yamekwisha. Mwezi wa tano nilikwenda mimi kukinga wavu mferejini, pamoja na Kanshiro na wanawe, Dakta akipima na kuandika. Baba alikaa ndani ya gari, kioo kimeshushwa, blanketi mapajani, akitazama maji ya kahawia yakiingia kwenye yale ya buluu. Tulizoa ndoo mbili na nusu. Kanshiro alimpelekea chai, akamkabidhi kikombe dirishani bila neno, naye akakipokea kwa mikono miwili. Walibaki hivyo, mmoja ndani, mmoja nje amejiegemeza mlangoni, mpaka tulipomaliza.

Nilipowasha gari aliniomba tusirudi kwa njia ya ufuoni. Tulizunguka kwa barabara ya nyuma ya kilima, ile ndefu, ambako unapita kati ya miti ya misonobari na huoni ziwa.